Kilo Saba

Nauli ya Mwanza imeshuka, redio imesema,
bei ya mbuzi mmoja, tena si beberu.
Mama Sechelela kauza jike, kakata tiketi,
kaja uwanjani alfajiri na ndoo ya zabibu za Hombolo.

Mizani haina undugu.
"Kiti ni rahisi, mama. Mzigo ndio ghali."
Ndoo imezidi nauli ya mwenye ndoo!

Basi foleni ikala zabibu: askari, mfagiaji,
mheshimiwa mmoja na tai yake,
wakitemea mbegu viganjani.

Akabaki na mlenda mkavu, kifurushi tu;
mizani hata haikushtuka.
Ndege ikapaa, mabati ya Makole yakatetemeka.

Jioni, Mwanza, mjukuu atachovya tonge, avute,
na uzi wa mlenda utakataa kukatika.