Dakika Kumi Bila Kutua

Ghorofa ya chini ya kanisa, Mtaa wa Barton, Hamilton,
Jumamosi ya Februari. Theluji nje imekwisha kuwa tope,
na mabomba ya joto yanagonga
kama mgeni aliyekosea mlango.

Vyuma vimepangwa sakafuni kwa rangi:
buluu kilo kumi na mbili, manjano kumi na sita,
kijani ishirini na nne,
na vyekundu, ambavyo sisi wageni
tumeambiwa tuvitazame tu.
Jina lake kwa Kiingereza ni birika na kengele kwa pamoja.
Nimetafuta mdomo wa kumiminia, sikuuona.
Nimekigonga kwa ukucha, hakikulia.

Nimekuja na mgongo wangu wa zamu za usiku,
miaka sita ya kuinua wazee wa watu
kitandani hadi kitini, kitini hadi chooni,
nikidhani najua kuinua.

Ilze Vanaga, bingwa wa miji nisiyoweza kuitamka,
ana umbo la mwalimu wa hisabati.
Ananitazama nikiinua mara tatu.
"Mvanatumu," anasema, maana w yetu haimkai mdomoni,
"mbona unapigana nacho? Kimekukosea nini?"

Ananishika kiwiko, anakishusha
hadi kwenye mfupa wa nyonga,
anakiegemeza pale kama sufuria juu ya figa.
"Hapa ni nyumbani. Pumzika."
Nipumzike? Na chuma kifuani?
"Pumzika. Kutua hapana. Ukitua, umemaliza."

Kwetu mzigo hutua, ndege hutua, jua hutua.
Hapa dakika kumi hakitui kitu,
na mkono unabadilishwa mara moja tu,
kwa hiyo chagua vizuri pa kuanzia.

Rasheed Whitlock, amevuka mpaka alfajiri kutoka Buffalo,
yeye anafundisha kiganja.
Anajipaka chaki kwa subira
ya bi harusi anayepakwa hina.
"Usikikamate. Kitundike.
Mkono unaong'ang'ania
huchoka kabla ya mwenye mkono."
Namwonyesha malengelenge yangu. Anacheka,
ananionyesha yake: ramani nzima.

Kisha Ilze akainua wa kijani, sisi tukakaa chini.
Dakika ya saba nilidhani anapiga mwayo.
Kumbe ndivyo anavyovuta hewa.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema,
na mimi siku ile nilikaa karibu na usufi,
nikaona unavyomtoa jasho hadi kwenye kope.

Wakati wa chakula alinisogezea chupa ya matango ya siki.
"Nifungulie," akasema. "Vidole vimegoma."
Nikafungua. Ilikuwa rahisi mno,
nikaona haya, sijui kwa niaba ya nani.

Alasiri ikawa zamu yangu, wa buluu.
Dakika ya nne nilimkumbuka mama yangu bila sababu.
Ya sita nilimchukia Rasheed.
Ya nane nikapata nyumbani, kiwiko kwenye mfupa,
pumzi ikaingia yenyewe, kama paka.
Niliinua mara sabini na tatu.
Aliandika sitini na nne.
"Tisa mkono haukunyooka ukatulia. Hazihesabiki."

Hiyo tisa. Kumi ni Jumapili usiku,
chumba cha mwisho, Bwana Fitzgibbon,
kilo sitini na kitu za mifupa na malalamiko.
Nikasogea karibu kuliko kawaida.
Nikangoja atoe pumzi, nikatoa yangu,
nikamwinua kwa miguu, mgongo ukakaa kimya.
"Leo huna haraka," akasema.

Sikujibu. Tulisimama hapo
kati ya kitanda na kiti,
kichwa chake begani kwangu,
saa ya ukutani ikihesabu kwa niaba yetu,
na kiti kipo, kimeshafungwa breki,
sijatua.