Neno Kwenye Jalada

Mahakama ya Mwanzo, Ujiji. Jumanne, saa nne kasoro.
Mimi ndiye karani, kalamu ya wino wa buluu,
na kesi ni ya debe la mawese.

Bi Tausi Kitenge akashika meza kwa mikono miwili:
"Mheshimiwa, kijana huyu kanifanyia magumashi."
Nikaandika "kanifanyia", kisha kalamu ikagoma.

Hakimu, mgeni, ana mwezi tu, bado anachemsha maji ya kunywa,
akavua miwani. "Magumashi ndiyo nini?
Kwenye jalada langu haliingii neno lisilo na baba."

Basi, jiwe likatua kwenye mzinga.

Mzee Ruhomvya, mshauri wa baraza, aliyesinzia tangu asubuhi,
akafufuka. Limetokana na "gumu", akasema:
jambo jepesi unalivika ugumu
mpaka mwenye mali aone heri asamehe.
"Na hiyo shi?"
"Hiyo shi, mheshimiwa, ni kandambili za mtu anayeondoka."

Mstaafu wa reli akanyoosha kidole kutoka benchi la nyuma.
Neno hilo alisafiri nalo yeye, behewa la daraja la tatu,
mwaka ule wa mvua nyingi.
Lilipandia Dar bila tiketi,
Tabora likajifungia chooni wakati wa kubadili kichwa,
"na hapa ni mwisho wa reli.
Lingeshukia wapi tena?"

Mama mwenye ungo wa dagaa akaguna.
Mbona bibi yake aliibiwa neno halijazaliwa?
Zamani ilikuwa changa la macho, basi,
na dagaa wa kuanikwa ufukweni ukiwapima unajua:
robo samaki, robo ziwa lenyewe.

Ndipo mshtakiwa akaomba ruhusa.
Bilali Ntahondi, shati lina mstari wa pasi,
sauti ya kunadi mitumba.
"Mheshimiwa, magumashi si wizi.
Mwizi huja usiku. Mwenye magumashi huja mchana, na risiti.
Wizi ni kuchukua. Magumashi ni kupewa,
na kushukuriwa juu."

Watu wakacheka. Bi Tausi akabana midomo
asije akaicheka hasara yake mwenyewe.

Kijana hakukoma. Ujanja akauweka huku, usanii kule,
fiksi, kamba, longolongo,
kila moja akaligawia ukoo na mtaa wa kuishi,
hakimu kainama mbele, kidevu mkononi,
hakuna aliyekumbuka debe,
mpaka adhana ya adhuhuri ikatukuta
tukibishania herufi.

Kesi ikaahirishwa wiki mbili.

Nikabaki peke yangu kufungia vielelezo.
Debe tupu la mawese, kielelezo namba moja.
Asubuhi nililipokea kwa mikono yangu hii,
kitako kimebonyezwa ndani kiasi cha ngumi mbili,
na ngumi hizo mbili ndizo kesi yenyewe.
Nikaligeuza.
Kitako kimenyooka kama mtoto wa shule mbele ya bendera.
Nikanusa. Hata harufu ya mawese hamna.

Nikakaa kitambo.
Nikafungua jalada pale nilipoacha nafasi,
nikajaza, kwa buluu, mwandiko mzuri:

Maana yake: tazama kielelezo namba moja.
Asili yake: imetoka sasa hivi,
kwa mlango wa mbele,
na imeaga.