Kifua cha Spika

Skrubu kumi na mbili zimetoka. Ya kumi na tatu
imelika kichwa, bisibisi inazunguka bure.
Hapo Baba akasema, bila kuulizwa,
"Hiyo niliikaza mimi. Kwa hasira."
Nikaichimbua kwa drili.

Łódź, ghorofa ya nne, Februari.
Dirisha nililifunga kwa ajili ya baridi,
nimelifungua kwa ajili ya vumbi.
Spika mbili za mwaka sabini na nane,
mbao za mjozi, kitambaa rangi ya chai,
alizinunua kwa bonasi ya kiwanda cha nguo
na Mama akamnunia siku tatu.

Naitoa besi kwa ukingo, kama bakuli la supu ya moto.
Waya mwekundu nautia alama kwa rangi ya kucha,
maana wekundu wake umekwisha.
Kisha naingiza mkono.

Sifongo haishikiki.
Ilikuwa nene, yenye vinundu kama trei ya mayai;
sasa ni keki iliyosahauliwa jikoni:
ukiigusa, unga; ukiufuta, lami.
Nakwangua kwa mwiko, pembe kwa pembe,
kifyonza vumbi kinakohoa, nami nakohoa ndani ya barakoa.
Chembe moja ikiangukia kwenye koili
itakwaruza kila neno litakalopita.
Nikimaliza, napiga konzi ubavuni.
Debe tupu haliachi kuvuma,
hata likiwa la mjozi.

Watu hudhani spika husema mbele tu.
Koni ikikusukumia neno wewe
hulituma lilelile nyuma, kinyumenyume, gizani,
na hilo la pili sharti limezwe,
la sivyo litarudi kugombana na mwenzake.
Ndiyo kazi ya sifongo: kuwa na kifua.
Imemeza miaka arobaini na kitu
kisha, siku ambayo hakuna aliyeiona,
ikaanza kumong'onyoka.

Baba naye alikuwa na kifua.
Fundi wa mashine za kufuma, zamu ya usiku.
Alijua nani aliiba uzi,
nani alipeleka majina ya wenzake ofisini juu.
Sasa ana miaka themanini na sita na yanamdondoka
huku akipaka siagi:
"Alikuwa Wieńczysław. Yule mwenye baiskeli."
Kisha anauliza kama leo Jumanne.
Sijui niokote au nifagie.

Sufu nimeinunua kwa Bi Halszka,
anayeuza mabaki ya viwanda vilivyokufa.
Naichambua, naibandika kuta tatu na mgongo,
naacha wazi tundu la pumzi.
Betri ndogo kwenye waya: koni inaruka mbele. Sawa.
Naweka kaseti aliyoirekodi mwenyewe
mwaka ule wa barafu nyingi:
mtangazaji anasoma vina vya mito.
Baba hakupenda mashairi kamwe,
ila vina hivi alivihifadhi.

Sauti nyembamba hazisikii, mashine zilizila.
Husikiliza kwa kiganja, ubavuni mwa sanduku.
"Umelishindilia," anasema. "Halipumui."
Skrubu kumi na mbili tena.
Natoa konzi moja ya sufu, konzi mbili.
Kiganja. "Bado."
Nusu konzi.
Pilica, sentimita mia mbili na saba, hakuna badiliko.
Bzura, mia na nne, inapanda.
Anafumba macho.
"Hapo."

Sufu iliyobaki imekaa mezani kati yetu, nyepesi,
inatikisika tukipumua.
"Ile skrubu ya kumi na tatu," nasema,
"hasira ya nini?"
Anaondoa kiganja, anakitazama
kana kwamba kimeandikwa.
Mtangazaji amefika mwisho wa ukurasa.
Anaugeuza.
Nasikia karatasi.