Zuia Pumzi

Miaka ishirini na sita, hospitali ya Kutaisi,
nimepiga picha za mifupa ya watu.
Mbavu, nyonga, taya la mlevi mmoja Jumapili ya Pasaka.
"Vuta pumzi," niliwaambia nyuma ya ukuta wa risasi,
"zuia,"
nao wakazuia, hata watoto,
kana kwamba mimi ndiye niliyewakopesha.

Nilipostaafu sikupewa saa.
Nilijipa mwenyewe maboksi matatu ya filamu za eksirei
zilizopitwa na tarehe,
na kamera ya marehemu wa ghorofa ya chini:
bati na ngozi, mvukuto wenye viraka,
uzito wa mtoto wa miezi mitano,
filamu moja moja, kila moja sawa na kiganja.
Nilizikata usiku kwa kisu cha jibini,
chini ya taa nyekundu,
maana nyekundu filamu hizi haziioni.

Stendi yake ya miguu mitatu ilibaki juu ya gari la Beknu,
na Beknu alikuwa na harusi Mestia, hakurudi.
Basi nikaizunguka Svaneti kwa mikono miwili.
Hapo ndipo nilipojua mkono wa binadamu hautulii,
damu inaupiga teke kila mpigo.
Nikaegemea mnara. Nikaegemea ng'ombe, aliyeridhia.
Nikabana viwiko mbavuni
na kwa mara ya kwanza nikajiamuru mwenyewe: zuia.
Filamu kumi na mbili kwa milima yote ile.

Ya tisa ilikuwa ya Tsiala, mwoka mikate.
Kutoka mlangoni hadi mezani kwake hatua tatu;
nilizihesabu, nikazungusha lenzi.
"Ngoja," akasema, akaingia ndani,
akatoka na kitambaa kichwani,
chekundu cha pilipili iliyoiva,
mikunjo ya dukani bado haijanyooka.
Hakueleza. Sikuuliza.
Nikachomoa bamba, pumzi nikaibana,
kidole kikabonyeza kabla unga haujatua.

Niliisafisha bafuni, katika sahani za supu za mke wangu.
Ilitoka kali kama wembe,
ungehesabu chembe za unga kwenye nyusi.
Nikajiona fundi. Nikamtuma Beknu aipeleke.

Simu ililia usiku.
"Anauliza," akasema Beknu, "sasa amefiwa na nani?"
Nikasikia ananyang'anywa simu.
"Miaka saba nimevaa nyeusi kwa ajili ya Vianori.
Siku ile, mzee, siku ile ile ndiyo niliyoivua.
Wewe umenivika tena."

Nikaitoa nakala yangu dirishani.
Kitambaa cheusi ti, cheusi cha makaburini.
Mimi niliyeona ufa mwembamba kuliko unywele
kwenye kifundo cha mguu wa mtu nisiyemjua,
nilikuwa nimeitazama picha ile siku tisa.

Nilijaribu pamba na wino mwekundu.
Nyekundu haikai juu ya nyeusi.
Jaribu uone.

Mwezi wa sita nilinunua filamu inayoona rangi zote,
pensheni ya wiki mbili kwa boksi moja.
Wekundu wake itauita kijivu, najua,
lakini kijivu si msiba.
Stendi Beknu ameirudisha. Nimeiacha nyumbani,
sijui kwa nini; labda aibu,
labda mikono imeshazoea kubeba.

Mlango ule ule. Hatua tatu.
Kitambaa kimefuliwa sana, pembeni kimeungua kidogo.
Hajanisalimu bado.
Nainua lile sanduku hadi jichoni, damu inaanza teke zake.

"Vuta pumzi," namwambia. "Zuia."

"Zuia wewe," anasema,
kichwa chake chote kiko ndani ya mvuke.
"Mimi mkate unaungua."