Daftari la Mistari Mitano

Barua imekuja Jumanne, imekunjwa mara nne
katika mfuko wa shati la mjomba Faki,
ina mhuri wa buluu na doa la chai.
Nikaisoma ukumbini, kwa sauti, kama nilivyoamrishwa:
Skuli ya Mafunzo ya Amali. Fani: Muziki.
Kufika Jumatatu, saa moja na nusu.

Bibi Time hakuinua macho kwenye kofia anayoshona.
"Amali?" akauliza. "Amali hizi
zitakazotiwa mizanini Kiyama?"
"Hapana, bibi. Amali za mikono. Ufundi.
Wapo wa cherehani, wapo wa mabomba,
wapo wa umeme, na sisi wa udi."
"Udi ninaoujua mimi hutiwa chetezoni."
Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

Mjomba akasema neno lake, lile lile:
fundi bomba huitwa hata usiku wa manane,
mpiga udi nani atamgongea mlango?
Sikumjibu. Nilikuwa katika orodha.

Viatu vyeusi: vipo, vya dada Mgeni,
ukitia pamba kidoleni havichopoki.
Picha mbili ndogo: nimepiga Jadida,
nimetoka kama mtu anayedaiwa.
Nyuzi za udi, seti moja, kila mwanafunzi na zake: bado.
Kucha za mkono wa kushoto: zikatwe.
Nimezikata. Mkono huo umekuwa wa mtoto,
wa kulia umebaki wa mwari.
Na la mwisho: daftari la mistari mitano.

Nimeizunguka Wete nzima kwa daftari hilo.
Duka la kwanza, mistari ipo, lakini mmoja mmoja.
La pili, vijisanduku vya hesabu.
La tatu, kijana akacheka, akanipa
daftari la mikopo: "Andika deni lako humu."
Nimerudi na la vijisanduku, kurasa tisini na sita,
na rula iliyovunjika kwenye kumi na saba.

Usiku umeme ukakatika. Bibi akasogeza taa,
akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.
"Lete."
Akalitazama daftari kama kitambaa
ambacho bado hakijatobolewa.
"Mistari mingapi?"
"Mitano, kisha nafasi, kisha mitano."
"Na hizo sauti hukaa wapi?"
"Nyengine juu ya mstari, nyengine baina yake."
"Nyeusi zote?"
"Nyengine zina uwazi ndani, kama kitobo.
Hizo ndizo zinazokawia."

Akanyamaza. Akaigeuza kofia upande wa ndani,
pale hila za fundi zinapoonekana,
akapitisha kidole changu: kitobo, kitobo, nafasi,
kitobo, nafasi, nafasi, kitobo.
"Ukikosea kimoja hapa, ua la mbele halifungi.
Miaka arubaini naihesabu hesabu hii,
hakuna aliyeniambia ina sauti."

Tukapiga mistari mpaka taa ikaanza kukohoa.
Kurasa zake zimenyooka.
Zangu zinapinda kidogo, zote pamoja,
kila nilipofika pale rula ilipovunjika.

Kofia ameiuza Alkhamisi, hata haijafuliwa,
kwa bei ya nyuzi tu, senti haikuzidi.
Nyuzi zimo mkobani, zimejiviringa katika karatasi,
nyembamba moja inanichoma kila nikitia mkono.
Udi wenyewe ni wa skuli. Sijaushika.
Sijui uzito wake, sijui
huegemea ubavu upi wa mtu.

Asubuhi hii mjomba Faki amepita kuchukua jembe,
akalikuta daftari mezani, akafunua,
akafunua tena, akarudi nyuma ukurasa mmoja.
"Mbona hamna kitu humu?"
Bibi, uzi mdomoni, kofia mpya magotini,
akamjibu kabla yangu:
"Leo Jumapili."