Marahaba

Nina miaka sitini na mitatu, na juzi, Upanga,
katika chumba chenye feni inayogonga kila mzunguko wa nne,
Daktari Kokugonza alinitajia neno: usonji.
Nikamwuliza kama feni inamsumbua na yeye.
Akasema, feni gani?

Aliyenipeleka ni mpwa wangu Mwajabu.
Idi nzima alinitazama nikipanga vijiko,
hakucheka.

Jina langu Sikudhani.
Mama alinipa kwa kuwa alishakata tamaa ya kuzaa.

Habari za asubuhi? waliniuliza utotoni,
nami nikawapa habari zenyewe:
sikulala, bomba limekauka siku ya tatu,
paka wa Bi Mgeni kafa.
Mama akanifinya paja. Sema nzuri.
Nzuri.
Za wenzio?
Sina wenzangu.
Akafinya tena.

Miaka thelathini na mmoja nilichambua barua Posta.
Watu niliwajua kwa masanduku yao.
Mtu ananisimamisha Kariakoo, ananishika mkono,
anacheka, umenisahau?
Natafuta uso ule, sioni pa kuuweka,
mpaka ataje namba.
Hapo nampata mzima mzima:
bili ya maji kila tarehe nane,
kadi moja kutoka Tabora kila Desemba,
kisha Desemba moja, hakuna.

Mwinjuma alivumilia miaka sita. Aliniita ukuta.
Nilikuwa nasikia kila kitu, Mwinjuma:
kijiko chako kikombeni, kola yako ikikwaruza ndevu,
jokofu, jokofu, jokofu.

Uzee haukunijia kama walivyonitisha.
Magoti, ndiyo.
Maandishi ya chupa za dawa yamegeuka sisimizi.
Na zile nguvu za kujifanya zimebaki kipande cha sabuni,
nasugua, povu halitoki.
Lakini watoto wa Magomeni wananiamkia sasa,
na jibu ni moja tu, halinidai tabasamu,
naweza kulitoa huku natazama ndoo.
Marahaba.
Laiti ningezaliwa bibi.

Kuna usiku nakasirika.
Nani atanirudishia harusi nilizojifungia chooni,
nikihesabu vigae hadi ngoma ipoe?
Nani atamwambia mama, kule Kisutu alikolala,
kwamba hakuwa na mtoto mkaidi?
Barua zilizochelewa nilizishika nyingi:
mihuri ya miji mitatu, bahasha imelegea,
anwani imeandikwa upya kwa kalamu ya mtu mwingine.
Tulizipeleka hivyo hivyo.
Hatukuuliza kama mwenyewe bado anasubiri.

Naogopa wodi.
Naogopa muuguzi mwema atakayenipapasa shavu,
na mimi siku hiyo sina tena maneno.
Nimeandika karatasi, Mwajabu anayo:
Msinishike kabla ya kuniambia.
Taa ya juu izimwe.
Mkate usiloane na chai.
Nikinyamaza, sijaondoka.

Leo saa mbili usiku umeme umekatika.
Mtaa mzima umeguna,
spika ya mnada imekufa katikati ya bei,
jokofu limekohoa, limetulia.
Nimetoka kibarazani. Natikisa miguu
namna niliyokatazwa nikiwa na miaka saba,
na miguu, ajabu, inakumbuka mwendo wake.
Mtoto wa jirani anapita na tochi ya simu.
Shikamoo bibi. Mbona umekaa gizani unacheka?
Marahaba, nikamwambia.
Kisha, kwa kuwa ameuliza na amesimama,
nikamsogezea kigoda
nikaanza na ile feni.