Hatua Sitini na Nne

Kazi yangu ni kuita majina.
Nasimama mlangoni pa mahakama, hapa Porto,
karatasi mkononi, suti ya kijivu mwilini,
naita mdai, naita mdaiwa, naita shahidi,
kisha natangulia mbele yao ukumbi mzima wa mawe
hadi kizimbani.
Hatua sitini na nne. Nimezihesabu
kwa sababu kila moja nilikuwa nailipia.

Hakimu huvaa raba chini ya joho.
Naapa, nimeziona.
Mimi sina joho. Nina sketi,
na sketi inadai kisigino
kama barua ya serikali inavyodai muhuri.

Niliazima skuna za Graça;
zikanibana hadi nikasahau jina la mshtakiwa.
Nikanunua mchuchumio mtaa wa Santa Catarina,
mweusi, uking'aa dirishani kama mboni ya jicho.
Uzuri wa mkakasi:
nilipouvua nyumbani, soksi ilikuwa na damu.
Nikajaribu vya bapa. Miguu ilishukuru,
lakini mawakili wakanikabidhi makoti yao
niwatundikie.

Duka la saba, kijana muuzaji akaniambia,
"Vitalainika, mama. Vipe wiki mbili."
Nikamuuliza: vitalainika vyenyewe, au mimi?

Na hapo sijautaja mteremko wa kwenda stesheni,
vijiwe vimepangwa kama meno
na kila pengo linaujua upana wa kisigino changu.
Mara mbili nimeacha kiatu nyuma,
nikarudi pekupeku kukichomoa kwa mikono miwili
kama mtu ang'oaye karoti,
mvua ikinipiga mgongoni.

Sikutaka makubwa.
Nilitaka kisigino kiseme "nimefika,"
kisiseme "nisaidieni."

Novemba, kesi ya paa linalovuja.
Nikaita: Hermínia Quaresma!
Akainuka bibi wa miaka sabini na kitu, akanifuata,
na nyuma yangu nikasikia
ko, ko, ko,
mlio mkavu, usiochechemea.
Alitoa ushahidi saa nzima na robo, kwa kusimama.
Mawakili walibishana juu ya vigae.
Mimi nilitazama chini:
kisigino kinene, kimo cha kiberiti kilichosimamishwa wima,
ukanda mwembamba uliokatiza juu ya mguu,
ngozi ya buluu iliyokolea hadi ikakaribia weusi.
Hakuhamisha uzito hata mara moja.
Mguu ulitulia mle kama kisu ndani ya ala.

Si adabu ya kazi yangu kumfuata shahidi.
Nilimfuata hadi chooni.
"Bibi, samahani. Viatu."
Hakushangaa. Alikuwa ananawa mikono.
Akasema amefundisha watu kucheza tango miaka arobaini,
na mchezaji hana ruhusa ya kuumia mbele za watu.
"Duka liko nyuma ya soko la Bolhão, ghorofani,
halina kibao. Waombe wakuwekee soli ya mpira.
Na usiende asubuhi.
Asubuhi mguu ni mwongo.
Nenda jioni, ukishavimba, ndipo utakapopimwa ukweli."

Nikaenda Alhamisi saa kumi na mbili, vidole vikiwaka moto.
Mwenye duka hakuniuliza namba.
Alinisimamisha juu ya karatasi,
akauzungushia kila unyayo kalamu ya risasi,
akasema wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia.
Miaka arobaini na sita
nimekaa na mwili huu, sikuwahi kuambiwa.

Euro mia moja na kumi.
Nikameza mate, nikalipa.

Kisigino kimoja kimeshachunwa na vijiwe vya mteremko;
nimekipaka wino wa ofisini, hakuna aliyejua.
Na hakimu jana alinyanyua macho kwenye jalada lake
kabla sijafungua mdomo.
Nilidhani nimehesabu vibaya.
Wakati wa chakula, ukumbi ulipokuwa mtupu,
nikarudi mlangoni, nikaanza upya, taratibu,
mlango hadi kizimba:
sitini na moja.